Mashimo ya Mabaharia

Meli kubwa haitii nanga Thira. Anayefika kwa ndege hana habari ya jambo hilo, lakini sisi tuliokuwa watu wa deki ndilo tulilofundishwa kwanza kuhusu kisiwa hiki ambacho wageni wanakiita Santorini. Unaingia kwenye ghuba iliyotulia, majabali yamekuzunguka, unadhani hapa Mungu mwenyewe amejenga bandari. Ukishusha mnyororo, mnyororo unakwenda tu. Mahali pengine kina kinakaribia mita 400. Pale palikuwa na mlima. Ulipolipuka, miaka kama 3,600 iliyopita, tumbo lake lilibaki tupu, likaporomoka, bahari ikaingia. Kilichosalia ni ukingo: kipande kirefu kilichojipinda upande wa mashariki, ambacho ndicho Thira; kisiwa cha Thirasia upande wa magharibi; na kijisiwa cheupe cha Aspronisi katikati ya mwanya wa kusini. Mtu aliyewahi kusimama juu ya Ngorongoro akatazama chini, na aijaze ile mbuga maji ya buluu iliyokoza, atakuwa amekaribia.

Kwa hiyo nahodha wetu aliifunga meli kwenye boya, na maboya yakiwa yamekwisha kuchukuliwa na wenzetu, aliicheza kwa injini papo hapo hadi jioni. Abiria walishushwa kwa mashua za wenyeji. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya ngazi, mguu mmoja huku na mmoja kwenye mashua, nikiwapokea watu kwa viwiko. Nimewapokea Wamarekani, Wajerumani, Wafaransa, vikongwe waliovaa viatu visivyofaa na wanaume waliokataa kushikwa mkono mpaka wimbi liwakumbushe. Pepo za meltemi zikivuma mwezi wa Agosti, kazi ile ilitaka mtu asiye na soni.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba la mkonge la Mgiriki, na mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 nilikuwa nimekwisha kujua salamu zao na matusi yao kadhaa. Miaka ya sabini nikapata meli ya mizigo. Tukapita Suez, ambayo ilikuwa imefunguliwa tena mwaka 1975, na mwisho wa safari nikashukia Piraeus. Waliokuwa vijana wa pwani wakati ule wanajua maana ya kushukia Piraeus. Sina haja ya kueleza. Kuanzia mwaka 1979 nikawa kwenye meli ndogo ya watalii, zile za safari ya siku tatu nne: Mykonos, Rhodes, Patmos ya Ufunuo wa Yohana, Krete, na Thira, ambako tulikaa mchana mmoja tu.

Kutoka gatini hadi mji wa Fira ni ngazi zinazokaribia 600, pana, za mawe yaliyosuguliwa na kwato hadi yakawa yanateleza. Nilipofika mara ya kwanza palikuwa na njia mbili za kupanda: miguu yako, au miguu ya baghala, mnyama yule aliyezaliwa na punda na farasi. Mabaghala walipangwa ukutani, shanga za buluu shingoni kuzuia kijicho, na wenyewe wakipiga kelele kwa lugha sita. Mgeni alikuwa hajamaliza kuuliza bei, keshawekwa juu ya tandiko. Mnyama aliijua njia kuliko mwenye fimbo. Alipanda akijisugua ukutani, goti la mgeni likiwa katikati, na akishamshusha mtu wake juu aligeuka akateremka peke yake, mbio, bila kumtazama anayepanda kwa miguu. Harufu ya pale ninayo puani hadi leo. Na jua la saa nane mchana, likipiga jabali jekundu na jeusi, lilikuwa linarudi usoni mwako mara mbili.

Abiria walikuwa na saa nne, tano wakibahatika. Kupanda, kushuka, kununua dhahabu kwenye kichochoro, kukaa kwenye mkahawa wa ukingoni na kupiga picha ya meli yao ikiwa ndogo huko chini. Wenye bidii walipanda basi kwenda kijiji cha Oia au kwenye machimbo ya Akrotiri, lakini si kote kuwili. Usiku, wakila, nilisikia wakisemezana kwamba Santorini wameimaliza.

Mwaka 1982 likaanza kazi gari la waya, wenyewe wanaliita teleferik, zawadi ya wakfu wa ukoo wa Nomikos, ukoo wa wenye meli. Dakika tatu, uko juu. Sehemu ya mapato ilipangwa iwaendee wenye mabaghala, na mabaghala wenyewe hawakuondoka, kwa sababu mgeni ni mtu wa ajabu: mpe njia rahisi, naye atalipa ili apande ile ngumu, mradi apate picha.

Katika wenye mabaghala kulikuwa na mzee mmoja niliyemwita Barba, kama sisi tunavyomwita mtu Ami. Alikuwa amepoteza meno ya mbele na hakuwa mtu wa kelele. Aliponisikia nikiongea Kigiriki changu cha shamba la mkonge aliangua kicheko, akaniuliza natoka wapi, na nilipotaja pwani ya Afrika akasema, “Mombasa!” Alikuwa baharia. Alikuwa amefika Mombasa, Beira na Durban akiwa motomoto, mtu wa kulisha makaa tanuri la meli. Tangu siku hiyo, meli ikifunga boya na nikapata ruhusa, nilikuwa nakwenda kukaa naye kwenye kivuli cha ghala la gatini.

Yeye ndiye aliyenieleza kisiwa. Wageni, alisema, wakiinua macho wanaona weupe juu ya jabali na wanadhani yote ni mji mmoja. “Mwanangu, Oia si mji mmoja. Ni miji miwili, mmoja juu ya mwingine.” Juu kabisa, kwenye mgongo, ndiko walikojenga manahodha na wenye vyombo: nyumba za kusimama, madirisha marefu, mawe ya kuchonga mlangoni. Chini yao, kwenye uso wa jabali lenyewe, mabaharia walichimba. Udongo wa pale ni majivu ya volkano yaliyoshikana, laini kwa sururu, na ukishachimba haubomoki ovyo. Kisiwa hakina miti ya kutoa boriti, kwa hiyo hata waliojenga nje walijenga paa la kuba. Shimo la baharia lilikuwa jembamba la mbele, refu kwenda ndani, mlango na dirisha upande mmoja tu, chumba cha nyuma hakioni jua. Baridi haikuingia, wala joto. Familia nzima iliishi humo, na paa lako lilikuwa ndio ua wa jirani wa juu.

Nilimuuliza kwa nini hawakujenga upande wa pili wa kisiwa, ambako nchi inateremka polepole hadi pwani. “Ile ardhi ni ya zabibu,” akanijibu. “Nani apoteze shamba kwa ajili ya kulala?”

Oia ya mababu zake ilikuwa na meli za matanga zilizopeleka mvinyo Urusi, hadi Odessa, kwa kuwa makanisa ya huko yalitumia mvinyo mtamu wa Thira kwenye ushirika. Moshi wa meli za mvuke ukaua matanga. Vijana wa Oia wakaenda kulisha makaa ya watu wengine, Barba akiwemo. Kisha likaja tetemeko. Tarehe 9 Julai 1956, alfajiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha zaidi ya 7, bahari ikavamia visiwa vya jirani, na zaidi ya watu 50 wakafa Thira. Barba alikuwa safarini. Habari aliipata bandarini kwa mdomo wa Mgiriki wa meli nyingine, na alikaa zaidi ya wiki bila kujua nani wa kwake yuko hai. Aliporudi alikuta shimo lao limesimama. Kilichoporomoka ni jumba la nahodha lililokuwa juu yake, nalo liliwaangukia uani, likaziba mlango. Mama yake na dada zake walitolewa kwa kuchimbuliwa, wazima. “Miaka yote tulibeba mizigo ya nahodha,” alisema, “siku ile tukabebeshwa na nyumba yake.” Hakucheka alipolisema hilo, ila mimi nilicheka, naye akaniacha nicheke.

Watu waliondoka kwa mamia kwenda Athene na Piraeus. Nilipoanza kufika, zaidi ya miaka ishirini baadaye, nusu ya Oia ilikuwa magofu bado. Paka, mashubiri, milango ya buluu iliyochakaa ikining'inia kwenye bawaba moja. Idara ya utalii ya serikali ilikuwa imeanza kutengeneza mashimo machache kuyafanya nyumba za wageni, na wenyeji waliwashangaa Waathene waliotoa pesa kulala kwenye pango ambalo bibi zao walilikimbia. Shimo la akina Barba liliuzwa na dada yake. Kwa bei gani, alikataa kuniambia.

Meli yetu ilipouzwa mwaka 1983 nikaokolewa na nahodha mmoja wa Thirasia aliyekuwa na kaiki, chombo cha mbao cha kupeleka wageni kwenye volkano. Ndipo nilipogeuka kutoka mtu anayewashusha watalii nikawa mtu anayewazungusha. Safari ilikuwa moja, kila asubuhi ya kiangazi isipokuwa upepo ukikataa: Nea Kameni, Palea Kameni, Thirasia, nyumbani.

Hizo Kameni mbili ni visiwa vyeusi katikati ya ghuba, na jina lenyewe linahusu kuungua. Ndiyo volkano hasa. Mlima wa zamani ulipokufa, mwingine ulianza kuota kutoka chini. Strabo, mwanajiografia wa kale, ameandika kwamba moto ulitoka baharini kati ya Thira na Thirasia kwa siku nne, maji yakachemka, kikazaliwa kisiwa. Wataalamu wanaliweka tukio hilo mwaka 197 kabla ya Kristo. Nea Kameni ndio mdogo kwa umri: ulianza kujitokeza kwa hali yake ya sasa mwaka 1707, ukaongezeka 1866, ukaongezeka tena 1925 na 1939, na mara ya mwisho 1950. Mwongozaji wetu, msichana wa chuo kikuu cha Athene aliyesomea mawe, alikuwa akiwasimamisha wageni kwenye zaha ya mwaka 1950 na kuwauliza nani amezaliwa kabla ya hapo. Karibu mikono yote iliinuka. “Basi mnakanyaga ardhi mliyoizidi umri,” aliwaambia, kwa Kiingereza, kisha Kijerumani, kisha Kifaransa, nami nikawa nimeyakariri maneno yake kwa lugha zote tatu.

Kupanda hadi kwenye kasoko ni karibu nusu saa kwa mtu mzima wa afya. Hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna tone la maji. Njia ni kokoto nyeusi zinazoingia viatuni, na pande zote mawe yamesimama ovyo yakiwa na makali ya chupa iliyovunjika. Nilibeba dumu la maji mgongoni kwa ajili ya wale waliodhani tunakwenda ufukweni. Juu unakuta shimo pana, kavu, na kwenye kuta zake mvuke unatoka mahali pawili patatu, polepole, ukiacha rangi ya njano na harufu ya kiberiti. Ukifukua kokoto kwa kidole unahisi joto. Wengine walisikitika, nadhani walitarajia moto. Mwanamume mmoja alidai kwa ukali arudishiwe pesa kwa sababu volkano haifanyi chochote. Nahodha wangu alimsikiliza hadi mwisho, akaomba samahani kwa niaba ya mlima.

Palea Kameni haipandwi. Wageni walijirusha kutoka kwenye kaiki na kuogelea hadi kwenye kihori chenye chemchemi ya moto, mbele ya kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Nikolao, msimamizi wa mabaharia. Maji yanaanza baridi, ghafla yanakuwa vuguvugu, na rangi inageuka kutoka buluu hadi kutu. Kutu kwelikweli: ni chuma. Msichana wa mawe aliwaonya kila siku kuhusu nguo nyeupe za kuogelea, na kila siku alikuwepo mmoja aliyerudi na nguo ya rangi ya udongo. Wazee wa kaiki walisimulia kwamba enzi za matanga vyombo viliachwa kwenye maji ya volkano hii siku kadhaa ili kome na mwani vife na kudondoka tumboni mwa chombo. Nikawaeleza jinsi sisi tunavyokipandisha chombo mchangani bamvua likitoka, tukakwangua, tukapaka deheni na shahamu. Walinihurumia. Waligundua kwamba wenzao wa Tanga hawana volkano ya kuwafanyia kazi.

Chakula cha mchana kilikuwa Thirasia, kwa shemeji yake nahodha, samaki wa kuchoma na dengu za njano za kisiwa wanazoziponda na kuzimiminia mafuta ya zeituni na kitunguu. Mwenye nguvu alipanda ngazi hadi kijiji cha Manolas. Mimi nilipanda mara nyingi wakati wengine wakisinzia, kwa sababu pale ndipo unapouona ukuta wa Thira wote kwa jicho moja: matabaka mekundu, meusi, ya kijivu, na juu kabisa tabaka nene la majivu meupe ya ule mlipuko mkubwa, na nyumba juu yake. Majivu hayo yana biashara yake. Ukiyachanganya na chokaa yanashika hata chini ya maji, na miaka ya 1860, Mfereji wa Suez ulipokuwa ukichimbwa, yalisafirishwa kwa wingi kwenda kujengea bandari ya Port Said. Wachimbaji wa Thirasia walipofika chini ya tabaka wakagonga kuta za nyumba za watu. Mwanajiolojia Mfaransa, Fouqué, alikuja kuchunguza mwaka 1867. Niliposimuliwa hayo niliikumbuka Port Said, mabarobaro wa mashua wakituuzia machungwa, na mimi nikiegemea reli bila kujua kwamba gati lile lina udongo wa kisiwa nitakachokuja kukizunguka miaka yangu ya ujana.

Akrotiri nilikwenda kwa basi, siku ya upepo mkali kaiki ilipolala. Machimbo yale yalianzishwa mwaka 1967 na Spyridon Marinatos, aliyefia humohumo kazini tarehe 1 Oktoba 1974; wakati wangu alikuwa anaongoza Christos Doumas. Juu palikuwa na paa la mabati, joto la tanuri, vumbi la kijivu. Chini ya paa, mtaa. Si ramani ya mtaa, mtaa wenyewe: kichochoro, pembe, uwanja mdogo, nyumba za ghorofa mbili hadi tatu, ngazi za mawe zilizopasuka katikati, mitungi mikubwa ikiwa imepangwa ghalani. Nyumba moja ina choo ghorofani, na bomba la udongo la kuteremshia uchafu hadi kwenye mfereji wa mtaani. Nilisimama pale kuliko mahali pengine pote, maana mwaka ule Piraeus nilikuwa napanga chumba ambacho choo chake kilikuwa uani. Miili haikupatikana kwenye nyumba zile. Matetemeko yaliwatangulia, watu wakachukua vya thamani wakaondoka. Walifika wapi, majivu hayasemi.

Michoro iliyotoka kwenye kuta zile niliiona baadaye Athene, katika Makumbusho ya Taifa, orofa ya juu. Wapo wanyama wawili wamechorwa kwa mistari myeusi, mmoja anageuza shingo kumtazama mwenziwe. Kibao kiliandika swala tu. Mimi nikasema, kwa sauti kubwa kidogo, “Choroa!” Pembe zile ndefu, mstari ule usoni, mtu aliyepita Mkomazi hawezi kuwakosea. Nilikuja kusoma kwamba wataalamu nao walikwisha kumtaja choroa wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na nyani wadogo wa buluu pia wakirukia majabali, ambao wengi wamewasema ni tumbili, ingawa siku hizi wapo wanaobisha na kuwapeleka India. Lakini kilichonishika ni mchoro mrefu wa msafara wa meli. Wapiga makasia wameinama, migongo mingi inayofanana, hakuna uso. Nyuma yao, chini ya kivuli cha turubai, wamekaa wakubwa, wamenyooka, wanatazama mandhari. Miaka 3,600! Nikamkumbuka Barba.

Thira ya kale, mji ulio juu ya Mesa Vouno, sina mengi ya kuisifu. Ni kilima kirefu na upepo wa kuondoa kofia, ingawa askari wa akina Ptolemaio wa Misri walikaa huko na kuacha maandishi mazuri. Hadithi yake ndiyo nzuri. Herodoto anasimulia kwamba mvua ilikosekana miaka saba, kukapigwa kura nani aondoke, vijana wakapelekwa Libya, ambako walikuja kujenga mji wa Kurene. Walipojaribu kurudi nyumbani kwanza, ndugu zao waliwashambulia gatini wasishuke.

Upande wa nyuma wa kisiwa wageni wa mchana mmoja hawakufika, na waliofika walikwenda kuungua nyayo kwenye mchanga mweusi wa Perissa na Kamari. Mimi niliupenda. Mizabibu ya huko haisimamishwi; inasokotwa chini, ikazungushwa hadi ikawa tenga, na zabibu zinakua ndani ya tenga hilo, salama na upepo na mchanga. Mvua za kiangazi hazipo. Mzabibu unakunywa ukungu wa usiku. Wadudu waliomaliza mashamba ya Ufaransa karne ya 19 hawakuweza kuishi kwenye majivu yale, ndiyo maana mizizi ya huko ni ya asili, mingine ya kale sana. Mvinyo wenyewe siujui, sinywi. Lakini nimevuna, mwezi wa Agosti, mgongo ukiwa umepinda tangu alfajiri. Nimekula pia nyanya zao ndogo, ngumu, tamu, zisizonyweshewa. Zamani viwanda vya kusindika nyanya vilikuwa kadhaa. Wakati wangu mabomba mengi ya moshi yalikuwa yamepoa, na vijana waliokuwa warithi wa mashamba walikuwa wanajifunza kubeba sinia. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji alipona kweli, shamba ndilo lililougua.

Niliondoka Ugiriki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilirudi mara moja, mwaka 2018, nikisindikizwa na binti yangu anayeishi Ujerumani, ambaye alikuwa amechoka kusikia habari za kisiwa nisichoweza kumwonyesha. Ghubani palikuwa na meli nne kwa wakati mmoja, na ndogo kuliko zote ingeimeza meli yetu ya zamani. Foleni ya gari la waya ilizunguka kona. Karibu na ufukwe maboya ya kuzuia mafuta yalielea yamefanya duara: pale ndipo ilipozama Sea Diamond, meli ya watalii, Aprili 2007, baada ya kugonga mwamba. Abiria wawili wa Ufaransa hawakuonekana tena, na meli iko chini hadi leo. Sikushangaa kwamba watu walipiga picha juu yake bila kujua. Kina kile hakionyeshi kitu.

Jioni tukaenda Oia kutazama jua likizama, kama kila mtu. Mahali penyewe ni gofu la ngome ya Waveneti, ambalo limekuwa gofu zaidi baada ya 1956. Watu mamia walikuwa wamekaa juu ya mawe yaliyoangushwa na tetemeko, simu juu. Jua lilipogusa maji wakapiga makofi. Binti yangu akanitazama kuona kama nami nitapiga. Nilipiga. Lilikuwa jua zuri.

Asubuhi nikaenda kulitafuta shimo la akina Barba. Nilijua kanisa la jirani na idadi ya ngazi kutoka hapo, na nikalipata, au lililo jirani yake kabisa. Limepakwa chokaa hadi linaumiza macho. Uani, pale lilipoangukia jumba, pana kidimbwi cha kuogelea chenye maji ya moto. Kijana wa mapokezi, mpole, alitutokea na kutueleza kwamba ni kwa wageni waliolala tu. Nikamwambia nimefanya kazi hapa kisiwani zamani. Akafurahi, akaturuhusu kuchungulia, na akatusimulia historia ya chumba: ilikuwa, alisema, nyumba ya nahodha mkubwa wa karne ya 19. Bango la shaba mlangoni lilisema vivyo hivyo. Binti yangu akauliza bei ya usiku mmoja, na aliponitafsiria nilimwomba aulize tena, labda ni ya wiki. Ilikuwa ya usiku.

Nilimwambia yule kijana, kwa Kigiriki, kwamba nahodha hakukaa humu. Humu walikaa watu wa chini. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Barba, nani atalipa hivyo kulala kwa baharia?” Hapo alinishinda.

Mapema mwaka 2025, nikiwa nyumbani, nikaona kwenye televisheni gati la Athinios, pale Thira, limejaa watu usiku na mabegi yao. Matetemeko yalikuwa yameanza mwishoni mwa Januari, baharini kati ya Thira na Amorgos, mamia kwa siku. Februari watu zaidi ya 11,000 waliondoka, shule zikafungwa, hali ya dharura ikatangazwa, na Nea Kameni ikakatazwa kwa wageni. Nikampigia mtoto wa yule nahodha wangu, ambaye sasa ndiye mwenye kaiki. Alikuwa amempeleka mama yake Athene. Yeye alikuwa amebaki, analala ndani ya chombo, na mchana anakwangua rangi ya zamani ili apake mpya kabla ya Pasaka.

Nikamuuliza wageni wakija wakamuuliza mlima utalipuka lini atawajibu nini.

“Nitawaambia sijui,” akasema, “ila nauli hairudishwi.”